Gia ya pili inanidunda kila nikipanga: tatizo ni mguu wangu au ni gari?

#1 Mshale_Mwekundu
Wadau, salaam. Nina miezi miwili na Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, injini ya lita 1.6, gia 5 za mkono. Kabla ya hapo nimeendesha oto miaka minane. Kuondoka si tabu tena, injini hainizimikii hata kwenye kilima. Kinachoninyima raha ni kupanga gia ya pili. Nikiachia klachi gari linainamisha pua, kichwa cha abiria kinakwenda mbele halafu kinarudi kwenye kiti. Nikiiachia polepole sana mdundo unapungua, ila naona kama naisaga klachi bure. Gia ya tatu, ya nne na ya tano zinaingia vizuri. Kwa nini ya pili tu? Gari hili nimelipenda tangu nikiwa mtoto, nataka niliendeshe linavyostahili.

#2 Kanyagio_Tatu
Mguu huo, mkuu. Nenda sehemu tambarare isiyo na watu. Weka gia ya kwanza, usiguse mafuta kabisa, achia klachi kidogokidogo mpaka gari lijivute lenyewe. Kanyaga, simama, rudia mara hamsini. Ukimaliza mguu utakuwa umeshajua klachi inashikia wapi. Nilifundishwa hivyo na marehemu baba, na mpaka leo kila nikibadilisha gari naanza na zoezi hilohilo.

#3 Fundi_Giaboksi
Mkuu wa #2, zoezi ni zuri ila halijibu swali. Ya tatu, ya nne na ya tano anapanga kwa mguu uleule. Mguu mbovu ungeharibu zote.

Jibu liko kwenye meno. Giaboksi ya gari hilo ina uwiano huu (mizunguko ya injini kwa mzunguko mmoja wa propela): ya kwanza 3.136, ya pili 1.888, ya tatu 1.330, ya nne 1.000, ya tano 0.814. Sasa piga hesabu. Ukipanga kutoka ya kwanza kwenda ya pili ukiwa raundi 3000 kwa dakika, injini inatakiwa ishuke mpaka kama 1800 ndipo ilingane na mwendo wa matairi. Inashuka raundi 1200. Kutoka ya nne kwenda ya tano ukiwa 3000 hiyohiyo, inatakiwa ifike kama 2440, yaani imeshuka 560 tu. Shimo la kwanza ni zaidi ya mara mbili ya lile la mwisho. Ndiyo maana ya pili inaonesha kila kosa na ya tano inakusamehe.

Dawa: vuta subira kidogo kabla ya kuachia klachi, raundi zishuke zenyewe.

#4 Bi_Raundi
Hesabu ya fundi ni sahihi, lakini dawa aliyotoa itamzidishia ugonjwa. Someni tena #1. Amesema pua inainama na kichwa kinakwenda MBELE kwanza. Maana yake gari limevutwa nyuma na injini, kwa kuwa injini ilikuwa imeshuka chini kuliko inavyotakiwa. Angekuwa ameachia klachi mapema raundi zikiwa bado juu, gari lingeruka na kichwa kingegonga kiti kwanza.

Kwa hiyo huyu hana haraka. Anachelewa. Raundi zinapita 1800 zinakwenda mpaka 1000, halafu anaachia klachi na matairi yanalazimika kuipandisha injini.

Mleta mada, unapanga ukiwa raundi ngapi, na mguu wa kulia unafanya nini wakati klachi iko chini?

#5 Mshale_Mwekundu
Dada umenishtua. Napanga kwenye 3000 hivi. Mguu wa kulia nautoa wote kwenye mafuta. Mkono nao nauvuta taratibu, kwa sababu niliambiwa gia zisiharakishwe.

#6 Bi_Raundi
Basi ndiyo hiyo. Mambo mawili: mkono usilale njiani, na mguu wa kulia urudi kugusa mafuta kidogo KABLA klachi haijashika. Kidogo kabisa, kiasi cha sindano ya saa ya raundi kutulia kwenye 1800 badala ya kuendelea kuanguka. Mimi nilijifunza kwa masikio: niliendesha mtaa mtupu redio ikiwa imezimwa, nikaukariri mlio wa injini ikiwa gia ya pili kwenye mwendo ule. Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kuutafuta mlio huo kabla ya kuachia klachi.

#7 Fundi_Giaboksi
Nakubali kuhusu kichwa kwenda mbele, sikulitilia maanani. Ila sijakubali kwamba gari halina kosa. Nitarudi.

#8 Turbo_Mwendo
Mnamhangaisha bure. Magari ya siku hizi kompyuta inashikilia raundi juu ukiachia mafuta, kwa ajili ya kupunguza moshi mchafu. Mimi langu likitoka ya kwanza raundi zinaning'inia kama zimesahaulika. Hata uwe na mguu wa dhahabu litadunda. Suluhisho ni kubadilisha programu ya injini.

#9 Kanyagio_Tatu
Mkuu #8, umesoma gari lenyewe? MX-5 ya kizazi cha kwanza ilitoka 1989. Mafuta yake yanavutwa na waya kutoka kwenye kanyagio mpaka kwenye injini, hakuna akselereta ya umeme. Ukiachia, yameachiwa.

#10 Turbo_Mwendo
Sawa, hapo nimeteleza. Lakini wenye magari mapya wanaosoma uzi huu wajue jambo hilo lipo, lisiwatese wakadhani ni wao. Na kuna kivali kidogo kwenye bomba la mafuta ya klachi kinachochelewesha klachi kurudi, wenye BMW wanakijua sana. Wewe unaachia ghafla, chenyewe kinaachia kwa muda wake. Rafiki yangu alikitoa, akasema ndiyo mara ya kwanza kuhisi klachi yake mwenyewe.

#11 Nyota_ya_Asubuhi
Na mwingine alikitoa akaua krosi (viungo) za propela kwa sababu kila kosa la mguu lilifika nyuma bila kupunguzwa. Kile kivali kiliwekwa kwa sababu, mkuu.

#12 Tairi_la_Nyuma
Hapohapo kwenye nyuma nilitaka kufika. Kabla mtu hajajilaumu, aingie chini ya gari. Kati ya injini na tairi kuna viungo vingi: maunti (mipira inayoshikilia injini), krosi, difu (giaboksi ya ekseli ya nyuma) na bushi zake. Kila kimoja kina plei kidogo, yaani nafasi ya kuchezacheza. Ukijumlisha plei zote za gari la miaka zaidi ya ishirini, unapata nafasi ambayo chuma kinasafiri bure halafu kinagonga. Huo mgongano ndio abiria anausikia.

Jaribio rahisi: uko gia ya pili, mwendo mdogo, klachi USIIGUSE. Achia mafuta, gusa mafuta, achia, gusa. Kama gari linadunda hivyohivyo, klachi imesingiziwa.

#13 Fundi_Giaboksi
Jaribio la #12 ni zuri sana, mleta mada lifanye. Nirekebishe kitu kimoja: kwenye MX-5, giaboksi na difu zimeunganishwa na fremu ndefu ya alumini, ili injini, giaboksi na difu vitikisike kama kitu kimoja. Kwa hiyo plei ya kuinuka kwa difu ni ndogo kuliko kwenye magari mengi ya kuvuta nyuma. Bado maunti zikichoka, mzigo wote huo unatikisika kwa pamoja.

Kingine cha kukagua ni silinda ndogo ya chini ya klachi, ile iliyoko kwenye giaboksi. Kwenye magari haya huvuja mara nyingi. Ikivuja, klachi haiachani vizuri na gia ya kwanza na ya rivasi zinaingia kwa kugoma ukiwa umesimama. Fungua kifuniko cha mpira uone kama kuna majimaji.

#14 Soli_Nyembamba
Hakuna aliyeuliza kuhusu kiti wala viatu? Nilihangaika mwaka mzima na gari langu, kumbe nilikuwa nimekaa mbali. Nikikanyaga klachi mpaka chini goti lilikuwa limenyooka kabisa, kwa hiyo naiachia kwa paja zima. Nilisogeza kiti mbele hatua mbili tu, goti likabaki limepinda kidogo hata kanyagio ikiwa chini kabisa. Siku hiyohiyo mke wangu aliniuliza gari limefanywa nini.

Viatu vya soli nene navyo vinaziba hisia. Unaendesha kama umevaa glavu miguuni.

#15 Kanyagio_Tatu
Kisigino kikae sakafuni au kiinuke?

#16 Soli_Nyembamba
Kwangu mimi kisigino sakafuni wakati wa kuachia, kifundo ndicho kinafanya kazi.

#17 Bi_Raundi
Kwangu kinaelea. Mguu wangu ni mfupi, nikikibakiza sakafuni siifikii klachi mpaka mwisho. Sioni tofauti kwenye ulaini. Inategemea umbo la mtu.

#18 Elfu_Tisa
Niwape upande wa pili. Mimi naendesha Honda S2000 ya mwanzo, ile ya 1999 yenye mstari mwekundu kwenye raundi 9000. Flaiwili yake, lile gurudumu linalozunguka na injini, ni nyepesi, ukiachia mafuta raundi zinaanguka kama jiwe. Uwiano wake umebanana zaidi: ya kwanza 3.133, ya pili 2.045. Ukipanga kwenye 3000 unatakiwa ukute kama 1960. Ukizubaa, zimeshapita.

Nilichojifunza ni kwamba gari la michezo huwa laini zaidi ukiliendesha kwa wepesi kuliko ukilibembeleza. Nilipokuwa naogopa kuliumiza nilikuwa napanga polepole na linadunda kila mara. Siku nilipoanza kupanga kwa mwendo mmoja, mkono na miguu vikienda pamoja, likatulia. Na usipange mapema mno. Jaribu 4000 badala ya 3000, utakuta 2400, injini iko mahali ina nguvu.

#19 Nyota_ya_Asubuhi
Ila ukipanga 4000 shimo nalo linakuwa kubwa, raundi 1600. Unamwambia mtu asiyejua kuogelea aende kina kirefu.

#20 Elfu_Tisa
Shimo kubwa lakini muda wa kulifikia ni mrefu zaidi. Mkono wake mzito utakutana na raundi zikiwa bado zinashuka, badala ya kukuta zimeshafika chini. Kwa mtu anayechelewa, 4000 inamfaa kuliko 2500.

#21 Fundi_Giaboksi
Hapo umenena.

#22 Mzee_wa_Lori
Vijana, mnazungumzia klachi tu. Gia ya pili ya gari hilo ikiwa baridi ni ngumu, na ukiilazimisha mkono unachelewa, mkono ukichelewa raundi zinaanguka, halafu mnamlaumu mguu. Sinkromeshi ni pete inayosuguana ili kulinganisha kasi za meno kabla hayajakutana. Mafuta yakiwa mazito asubuhi, pete inachelewa kufanya kazi. Badilisha mafuta ya giaboksi, uweke yanayotakiwa. Angalia GL-4 na GL-5, madaraja ya mafuta ya giaboksi, zisichanganywe kiholela, dawa zilizomo kwenye baadhi ya GL-5 hazipatani na pete za shaba. Chini ya mkono wa gia kwenye MX-5 kuna kikombe chenye mafuta yake peke yake, wengi hawakijui. Mpira wake ukipasuka na mafuta yakikauka, mkono unakuwa na mikwaruzo.

#23 Turbo_Mwendo
Sinkromeshi ilivumbuliwa na Porsche, sivyo?

#24 Mzee_wa_Lori
Hapana mwanangu. Cadillac ndiyo iliyoiingiza kwenye magari ya kuuzwa, mwishoni mwa miaka ya 1920. Porsche walikuja baadaye na aina yao ya pete, ikatumiwa na wengi. Kabla ya hapo dereva alikuwa sinkromeshi mwenyewe: kanyaga klachi, toa gia mpaka nyutro, achia klachi, kanyaga tena, ingiza gia. Wakati wa kupangua, yaani kushusha gia, unapiga resi (unagusa mafuta raundi zipande) ukiwa nyutro. Lori nililoanzia lilikuwa hivyo. Usipopata raundi sawasawa, gia inakukatalia na kila aliye barabarani anasikia.

#25 Kanyagio_Tatu
Mzee #22, heshima yako. Ila kwa gari la mleta mada klachi mara mbili ni kazi ya ziada, au?

#26 Mzee_wa_Lori
Si lazima. Lakini anayeiweza hatapata shida na gia ya pili baridi.

#27 Mvua_Ilininyesha
Naomba nichepuke kidogo, kwa sababu mleta mada akishatulia kupanga atakuja kwenye kupangua, na huko ndiko kwenye hatari. Nilikuwa kwenye kona, mvua inanyesha, gari la kuvuta nyuma. Niliona kona imebana kuliko nilivyotarajia, nikapangua kutoka ya tatu kwenda ya pili na kuachia klachi ghafla. Sikupiga resi. Matairi ya nyuma yalipoteza mshiko palepale na gari likazunguka nusu mzunguko. Nilisimama naangalia nilikotoka. Hakukuwa na gari linalokuja nyuma, ndiyo maana naandika hapa.

Chukua uwiano wa fundi wa #3: ukiwa ya tatu kwenye 2500, ya pili inataka kama 3550. Zile raundi 1000 zinazokosekana, usipozitoa wewe kwa mguu wa kulia, zinatolewa na matairi ya nyuma, na kwenye maji hayana cha kutoa. Mdundo anaolalamikia mleta mada kwenye barabara kavu, kwenye mvua unakuwa ajali. Pangua kabla ya kona, gari likiwa limenyooka.

#28 Bi_Raundi
Pole sana, na asante kwa kutueleza wazi. Watu hudhani kulinganisha raundi ni mbwembwe za mashindano.

#29 Elfu_Tisa
Na kuna kupangua kwa bahati mbaya, kosa kubwa zaidi: kuvuta ya pili ulipokusudia ya nne. Uko ya tatu kwenye 6500, unashusha mkono, unausukuma kushoto bila kujua. Ya pili kwa mwendo huo inataka raundi zaidi ya 9200. Kikomo cha raundi hakikuokoi, kwa kuwa kinakata mafuta tu, na hapo injini haizungushwi na mafuta, inazungushwa na matairi. Vali zinakutana na pistoni. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, fungua kiganja na uivute fimbo moja kwa moja, iache springi yake iitafute njia.

#30 Kanyagio_Tatu
Kisigino na kidole nani anaweza humu? Wakati wa kupangua, mguu mmoja unafanya yote: breki kwa mbele ya mguu, resi kwa ubavu. Mimi kila nikijaribu breki inakamata kuliko nilivyotaka.

#31 Soli_Nyembamba
Kwa sababu unajaribu ukiwa unabonyeza breki kidogo. Kanyagio la breki likiwa juu bado, la mafuta liko chini sana, unalazimika kupinda mguu. Ukibonyeza breki kwa nguvu kidogo yanakaribia kuwa sawa. Zoezi lifanyie gari likiwa limesimama na injini imezimwa kwanza.

#32 Turbo_Mwendo
Nissan 370Z ya 2009 ilikuja na mfumo wa kulinganisha raundi yenyewe, unapangua tu. Miguu ikapumzika.

#33 Bi_Raundi
Imepumzika na haijajifunza. Mimi nikiwa na gari lenye mfumo huo ningeuzima.

#34 Nyota_ya_Asubuhi
Mimi ningeuacha, mtoto wangu akiwa amelala nyuma. Tusubiri mleta mada.

#35 Mshale_Mwekundu
Nimerudi baada ya siku tisa, samahani kwa ukimya. Majibu:

Jaribio la #12 nimelifanya. Kuna mgongano mdogo, lakini si kama ule wa kupanga. Silinda ya klachi ni kavu. Kiti nimesogeza mbele hatua moja, kweli goti lilikuwa limenyooka. Mafuta ya giaboksi na ya kile kikombe nimebadilisha, na kikombe kilikuwa karibu kikavu. Mkono sasa unaingia vizuri zaidi, mzee asante.

Nimefanya pia la Bi_Raundi, kuzima redio na kutafuta mlio. Kwenye kupanga mara kumi sasa nadunda kama mara tatu. Asubuhi injini ikiwa baridi bado ni mara saba au nane.

#36 Mzee_wa_Lori
Asubuhi. Nilisema mafuta.

#37 Bi_Raundi
Mzee, amebadilisha mafuta na asubuhi bado inadunda. Injini baridi inakaa kwenye raundi za juu kuliko kawaida, mlio alioukariri ni wa injini yenye joto. Akariri na wa asubuhi.

#38 Tairi_la_Nyuma
Mpira wa maunti nao ukiwa baridi ni mgumu. Mgongano aliousikia si wa kupuuza.

#39 Soli_Nyembamba
Asubuhi umevaa viatu gani? Vya kazini?

#40 Mshale_Mwekundu
Ndiyo, vya kazini, vina soli ngumu. Lakini ngojeni, kuna jambo limenichanganya. Jana nilimpa mama yangu gari. Ana miaka sitini na tatu, alijifunza kwenye pikapu ya zamani na hajagusa gia za mkono kwa muda mrefu. Asubuhi, injini baridi, amevaa kandambili. Aliingiza ya pili kama anachovya kijiko kwenye asali. Kila mara. Nilikuwa abiria, kichwa changu hakikutikisika. Nikaangalia saa ya raundi: anapanga kwenye 2000 tu.

#41 Kanyagio_Tatu
Mguu! Nilisema #2.

#42 Fundi_Giaboksi
Kwenye 2000 ya pili inataka kama 1200. Injini baridi ikiachiwa inatulia karibu na hapohapo yenyewe. Hata asiyejua angelinganisha.

#43 Elfu_Tisa
Kwa hiyo ushauri wangu wa 4000 ulikuwa wa kinyume? Sikubali. Muombe mama apange kwenye 4000 tuone.

#44 Mzee_wa_Lori
Pikapu ya zamani gani? Kama sinkromeshi yake ilikuwa imekwisha, mama anapumzika nyutro bila kujijua. Mwangalie mkono.

#45 Bi_Raundi
Mimi nataka kujua mguu wake wa kulia. Anautoa wote kwenye mafuta, au anaacha kidogo?

#46 Mshale_Mwekundu
Nimemuuliza yote. Kuhusu mguu anasema hajui, hajawahi kuufikiria. Kuhusu nyutro amenitazama kama namuuliza anapumuaje. Jumamosi amekubali kuendesha tena, asubuhi na mchana, kwenye 2000 na kwenye 4000. Nitafunga simu chini ya dashibodi ielekee kanyagio, ya pili mdogo wangu ataishika kwenye saa ya raundi.

#47 Tairi_la_Nyuma
Nawe uendeshe mara kumi ukiwa umevaa kandambili zake.